Mabawa Yaliyofungwa

Mwaka wa 2001, watu wa Kitengela walipoanza kumwona msichana wa Kisomali akipanda mnara wa chuma, dira, gauni lake refu, ameifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi na spana inaning'inia mkononi kwa kamba, walikuwa wanasimama kando ya barabara kutazama. Baada ya muda wakazoea. Huyo alikuwa Istahil, binti wa Mzee Abdinoor mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, na kazi yake ilikuwa kuunda mitambo ya upepo.

Aliyempeleka Nairobi kusomea ufundi wa mitambo alikuwa baba yake mwenyewe. Wajomba walikuja kutoka Garissa wakamwambia anampoteza msichana. Abdinoor aliwamiminia chai, akawasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akawajibu kwamba yeye hana mtoto wa kiume wala wa kike, ana watoto tu, na huyu wa pili ndiye aliyerithi kichwa chake. Istahil alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza. Kwa miaka mingi baadaye, kazi ilipomshinda na watu walipomcheka, aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo na kupata nguvu.

Mtoto wa kwanza alikuwa Hanad. Hanad hakupenda grisi wala vumbi la karakana, lakini alikuwa na mdomo mtamu. Angeweza kumuuzia mabati mtu asiye na nyumba. Yeye alitafuta wateja, Istahil akaunda mitambo, na Makokha, fundi wa kuchomelea aliyekuwa nao tangu duka lilipofunguliwa, akakata na kuunganisha vyuma. Ndugu hao wawili walielewana sana. Hanad alipooa, ni Istahil aliyeaminiwa kukaa na bi harusi hadi azoee nyumba. Istahil alipokataa wachumba, ni Hanad aliyewaambia watu wamwache dada yake apumue.

Upepo wa kutoka Kitengela kupitia Isinya hadi Kajiado hauna kitu cha kuuzuia. Siku nyingine unakuja taratibu, siku nyingine unakuja na kung'oa paa. Mtambo wa kwanza waliounda ulikuwa na mabawa matatu yaliyokazwa moja kwa moja kwenye kitovu, na uliishi mpaka upepo mkali wa kwanza. Ulizunguka ukapita kiasi, jenereta ikaungua, na bawa moja likachomoka likaenda kujichimbia kwenye shamba la jirani. Hakukuwa na mtu shambani. Istahil alilitazama shimo lile, akaapa kwamba hatajenga tena mtambo usiojua kujizuia.

Alichotaka ni bawa linaloweza kujipinda. Upepo ukiwa wa kawaida, lisimame sawasawa liupokee. Ukizidi, ligeuke kwenye shina lake ili upepo upite ubavuni bila kulisukuma. Akaweka vyuma vizito karibu na kitovu. Kasi ikizidi, vyuma vinarushwa nje na kulipinda bawa. Kasi ikishuka, springi inalirudisha. Lakini kila bawa likawa linageuka kwa wakati wake, na mnara mzima ukatetemeka kama mtu mwenye homa. Akayaunganisha yote matatu kwa pete moja ya chuma, yageuke pamoja. Hapo likazuka jingine. Mabawa yalijipinda, mtambo ukapoa, yakarudi, ukachangamka, yakajipinda tena, huku na huku bila kutulia, na taa zikawaka na kufifia kama zinapumua. Hilo lilimsumbua karibu mwaka mzima. Mwishowe alichukua shoki ya pikipiki kuukuu, ile inayozuia pikipiki isirukeruke kwenye mashimo, akaifunga kwenye pete. Mabawa yakaanza kwenda na kurudi polepole, na mtambo ukatulia.

Ule wa kwanza uliotulia waliusimamisha kwenye zahanati moja iliyo mbele ya Isinya, mahali ambapo nguzo za stima zilikuwa bado hazijafika. Ulibeba taa za chumba cha wazazi na friji ya chanjo. Nesi mkuu, Purity, alifurahi sana, lakini aliyekuwa rafiki wa Istahil pale ni Naserian, mpishi wa wagonjwa, mama wa makamo mwenye sauti nzito. Siku za kusimamisha mnara, Naserian alikuwa akimletea chai ya maziwa chini ya ngazi na kumwita kwa kelele ashuke.

“Takwenya,” alikuwa akimsalimia akifika chini, na Istahil, ambaye Kimaasai chake hakikuwa kingi, alijibu “Iko” na kupokea kikombe.

Biashara ikashika. Mitambo ikasimama kwenye shule, kwenye boma za watu wenye mifugo mingi, kwenye shamba moja la maua. Mwaka wa 2004 Hanad akaleta habari kwamba kuna shirika linalotaka mitambo mingi kwa ajili ya shule za Kajiado, na kwamba watu wake wangekuja kuupima ule wa zahanati siku za upepo, waulinganishe na wa washindani kutoka Nairobi. Tatizo, alisema, ni kwamba upepo ukizidi mtambo wao hauongezi umeme, wakati wa wengine unaongeza. Istahil akamweleza alichokuwa amemweleza mara nyingi: mabawa yanaumwaga upepo uliozidi kwa makusudi, na hicho ndicho kinachoufanya mtambo udumu. Hanad akasema mteja hanunui upepo unaomwagwa. Waliongea bila ugomvi, na Istahil akadhani yameisha.

Wiki hiyo shangazi yao akaugua Garissa. Istahil akaenda kumuuguza, na alipokuwa huko shirika likaja, likapima, likatoa kazi kwa duka la Abdinoor. Aliporudi alikuta nyumba ina furaha, mbuzi amechinjwa. Alimuuliza Hanad wamewezaje. Hanad akasema alibadilisha betri na nyaya, umeme ukaacha kupotea njiani. Ilikuwa sababu inayoingia akilini. Istahil alikuwa amechoka, shangazi yake alikuwa amefariki mikononi mwake, na mtu aliyekuwa akimwambia maneno hayo alikuwa ndugu yake. Hakupanda mnara kuangalia.

Upepo mkali ulikuja Septemba, mchana, jua limewaka. Purity alipiga simu dukani, akazungumza kwa sauti ya chini na ya haraka kama manesi wanavyozungumza jambo likiwa baya. Mtambo ulianza kulia, akasema, ukazidi kulia mpaka wagonjwa wakatoka nje, kisha bawa likachomoka likapita kwenye paa la jikoni. Naserian alikuwa ndani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepondeka na walikuwa wamempeleka Kajiado kwa gari la chifu.

Istahil na Hanad walikwenda kwa pikapu. Kitovu kilikuwa kimedondoka chini ya mnara na bawa moja bado limeshika. Istahil alichuchumaa, akalishika bawa lile kwa mikono miwili akajaribu kulizungusha kwenye shina. Halikusogea. Akafuta vumbi kwenye pete, akaona bolti. Ilikuwa imepitishwa kwenye pete hadi kwenye kitovu, nati yake mpya inang'aa. Aliyefanya vile hakuwa amekosea. Alijua pete ile ni ya nini, akaichagua hiyo hiyo, akayafunga mabawa yasiweze kugeuka tena.

Alimtazama Hanad. Hanad alitazama bolti, kisha akatazama watu waliokuwa wamesimama kando ya ua.

“Si hapa, Istahil,” alisema. “Tutaongea nyumbani.”

Lakini hawakupata kuongea nyumbani, kwa sababu jioni ile Hanad hakurudi, na kesho yake asubuhi kamati ya zahanati iliwaita. Abdinoor alikwenda pia, na fimbo yake na kofia yake nyeupe. Hanad walimkuta ameshafika. Mwenyekiti, Mzee Meitamei, aliwasalimu kwa heshima, akasema watu wanataka kujua kilichotokea, kwa sababu mitambo kama ule iko kwenye shule za watoto wao.

Istahil alikuwa amejiandaa. Alidhani Hanad angesema alichofanya, kwa haya na kwa kujikunja, na yeye angemsaidia kueleza, na wote wangeomba msamaha pamoja kama nyumba moja. Hanad akainuka kwanza. Aliongea vizuri, kama alivyoongea siku zote. Alisema wanamlilia Naserian kama mama yao, na kwamba matibabu yake yote ni juu yao. Kisha akashusha sauti.

“Mitambo yetu inaundwa na dada yangu,” alisema. “Springi alipima yeye. Hizi springi zikikosewa kidogo tu, ndio mnaona hivi. Ni msichana anajitahidi, lakini bado anajifunza. Tunaomba mumvumilie. Tangu leo hatapanda mnara wowote, tutaleta fundi mwingine aangalie yote.”

Istahil aliinua macho. Aliona nyuso zikimgeukia, si kwa hasira hata, kwa huruma, jambo lililokuwa baya zaidi. Akamtazama baba yake. Alingoja ainue kichwa, kwa sababu baba yake aliijua kazi yake, alikuwa amekaa karakanani jioni nyingi akimshikia taa na kumuuliza pete hii ni ya nini, springi hii ni ya nini. Abdinoor alikuwa akitazama kichwa cha fimbo yake. Na kwenye mkutano ambao baba yake ameketi na kunyamaza, yeye, binti, alishindwa kufungua mdomo. Mzee Meitamei alimuuliza kama ana neno. Akatikisa kichwa.

Waliporudi Kitengela alikwenda moja kwa moja karakanani. Makokha alikuwa anakusanya vifaa vyake na hakumtazama. Istahil akamuuliza ile bolti aliichonga nani. Makokha akasema aliichonga yeye.

“Hanad aliniambia ni wewe umesema,” alisema. “Alisema umepiga simu kutoka Garissa, ati umepata njia mpya. Mimi nikaona ni ajabu, lakini nikasema Istahil anajua. Si ungeniambia haukusema.”

“Ningejuaje, Makokha? Ulichonga moja?”

Makokha akatikisa kichwa. Alikuwa amechonga za mitambo yote iliyouzwa tangu hapo, na nyingine Hanad alizipeleka kwenye mitambo ya zamani, kwa wateja waliolalamika kwamba upepo mkali hauwaongezei taa. Istahil aliketi juu ya ndoo. Ndugu yake alikuwa ameyafunga mabawa kwa kutumia jina lake, na yalipovunjika akatumia jina hilo hilo kujisitiri.

Alimkuta baba yake nyumbani akimaliza kuswali. Alingoja akunje mswala. Akamweleza yote, taratibu, bolti na simu ambayo hakuipiga na mitambo mingine iliyosimama juu ya vichwa vya watu. Alikuwa bado anaamini kwamba mzee alinyamaza kwa kutokujua, na kwamba akijua angekasirika, na hasira hiyo ingekuwa mahali pa yeye kujishikiza. Abdinoor alisikiliza bila kushangaa popote. Hapo ndipo Istahil alipoanza kuogopa.

“Aabo,” alisema, “ulikuwa unajua?”

“Hanad aliniambia kabla wageni hawajaja,” baba yake alijibu. “Niliona ni bolti tu. Nikasema itatolewa baadaye.”

“Na leo? Leo pia uliona ni bolti tu?”

Mzee alijipapasa magoti. Alisema Hanad ana mke na ana mtoto njiani, na kazi ya shule ina saini yake, na jina lake likiharibika duka limekufa. “Wewe ni tofauti,” alisema. “Wewe utaolewa, utaenda kwa watu, hakuna atakayekuuliza mambo ya springi. Jambo hili kwako litapita. Kwake halipiti.”

Istahil alimkumbusha aliyowaambia wajomba. Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliyasema tu yale maneno, moja baada ya lingine, kama yalivyosemwa siku ile. Baba yake alisema yalikuwa maneno ya siku ile. Mama yake alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Aliitua chini na kurudi jikoni.

Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Istahil alichukua funguo za pikapu zilipokuwa zimetundikwa na kwenda kumgongea Makokha. Siku zile zote upepo ulikuwa bado unavuma. Walianza na shule zilizo karibu na barabara ya Kajiado, wakaenda kwenye boma, wakaenda kwenye shamba la maua. Kila walipofika, Istahil alisubiri utulivu kidogo, akausimamisha mtambo, akapanda, akaifungua nati na kuisukuma bolti nje kwa nyundo. Akishuka alimwita mwenye mahali akamwambia bila kuzunguka ilikuwa bolti ya nini, nani aliiweka na kwa sababu gani. Wengine walimshukuru. Mwalimu mkuu mmoja alimwambia aking'oe kitu chake chote akiondoe. Mwenye boma moja aliuliza kama sasa taa zitapungua, na alipoambiwa ndiyo, upepo ukizidi, akanuna. Hanad alimpigia simu mfululizo. Mara moja alipokea.

“Unaua baba,” Hanad alisema. “Unajua hivyo?”

“Mtambo wa shule ya kwanza ulikuwa na ufa kwenye shina la bawa,” Istahil alimjibu. “Chini yake watoto wanacheza mpira.”

Istahil alimsikia akipumua. Kwa kitambo kidogo alidhani ndugu yake angesema neno ambalo lingewezesha mambo mengine yote kutengenezwa. Hanad akakata simu.

Walipomaliza mtambo wa mwisho alikwenda hospitalini Kajiado. Naserian alikuwa ameketi kitandani, mkono umekatwa juu kidogo ya kiwiko, bandeji nyeupe. Istahil alimsalimia. Naserian aliitikia kwa sauti yake nzito, ila bila furaha, na kumwonyesha kiti. Alikuwa ameambiwa kwamba msichana alikosea springi.

Istahil akamwambia ukweli. Ilichukua muda, kwa sababu ilibidi aeleze bawa linageukaje na pete inafanya nini, akitumia kiganja chake kama bawa. Naserian alikitazama kile kiganja kikipinduka na kurudi. Aliuliza kama baba yake alijua. Istahil akasema alijua.

“Sasa mbona hukusema siku ile mbele ya watu?” Naserian aliuliza. “Niliambiwa ulikuwa hapo. Niliambiwa ulitikisa kichwa.”

“Baba alikuwa ameketi.”

“Na mimi nilikuwa nimelala hapa,” Naserian alisema.

Aligeuza uso dirishani, na Istahil akakaa kwenye kiti mpaka nesi alipokuja kubadilisha bandeji akamwomba atoke.

Alimwomba Mzee Meitamei aite watu tena. Walikuja wengi kuliko mara ya kwanza. Hanad hakuja, Abdinoor hakuja. Istahil alisimama na kile kitovu kilichovunjika juu ya meza, akasema kila kitu, pamoja na kwamba alirudi kutoka Garissa akaambiwa ni betri, akaamini bila kupanda kuangalia, na kwamba alinyamaza siku ambayo hakupaswa kunyamaza. Alipomaliza, wazee walinong'onezana, na Mzee Meitamei akasema wamesikia, na kwamba kwake yeye amesema kama mtu mzima. Purity aliuliza kama mtambo unaweza kurudishwa ukiwa salama. Istahil akasema unaweza. Mama mmoja nyuma akasema hapana, hawataki kulisikia lile dude likilia tena. Wakakubaliana wanunue sola. Istahil na Makokha waliushusha mnara wiki hiyo.

Shirika likavunja mkataba. Abdinoor alituma mtu kusema kwamba binti yake asikanyage dukani wala nyumbani, na mama yake akatuma nguo zake zote kwenye sanduku, zimepangwa vizuri, na chupa ya uunsi, ule ubani wa kufukizia nguo, katikati. Makokha akapata kazi kwingine. Istahil akaenda Kimana, ambako wakulima wa vitunguu na nyanya walihitaji mtu wa pampu, akapanga chumba na banda la kufanyia kazi. Pampu hazikuhitaji kupanda popote. Hakuunda tena mtambo wa upepo, ingawa watu wawili watatu walimfuata huko wakamwomba.

Mwaka mmoja ulipita, na nusu ya mwingine. Siku moja asubuhi alikuwa amefungua pampu chini ya banda, mafuta hadi kwenye viwiko, alipomwona baba yake anashuka kwenye gari la kukodi. Alikuwa amekonda. Istahil aliinuka na mikono yake michafu asijue aipeleke wapi. Alimletea kiti, akanawa, akapika chai yenye iliki kama anavyoipenda, na muda wote alipokuwa amemgeuzia mgongo akipuliza jiko alikuwa anajiandaa kusamehe. Alijua angesamehe kabla neno halijaisha.

Abdinoor aliisifu chai. Akauliza habari za pampu, akauliza kama watu wa Kimana ni wema, akasema mama yake anaumwa miguu. Kisha akasema kuna wazee wa ukoo wanakuja Kitengela mwezi ule kulisuluhisha jambo, na Hanad anataka kufungua duka lingine, lakini watu wa Kajiado bado wanamnyooshea kidole. Kama Istahil angekuja, akakaa mbele ya wazee, akasema kwamba huenda alichanganyikiwa wakati ule kwa msiba wa shangazi, kwamba huenda bolti ile walikubaliana wote, basi lingekwisha. Angerudi nyumbani. Chumba chake kiko vile vile.

Istahil alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameshika kikombe chake na hakunywa.

“Aabo,” alisema, “umetoka Kitengela mpaka hapa kuniambia hivyo?”

“Ni neno moja tu, Istahil.”

Akamwambia hapana. Alimwambia kwa upole, akamwambia pia kwamba atatuma dawa ya miguu ya mama kwa mtu anayekwenda Kitengela. Baba yake alikaa kidogo, labda akingoja abadilishe, kisha akainuka kwa fimbo yake. Istahil alimshika mkono kumvusha mfereji wa maji uliokuwa kati ya banda na barabara, kwa kuwa ubao ulikuwa unateleza, na mzee akauegemea mkono wake kwa uzito wote. Walipofika ng'ambo akauachia, akaingia garini. Dereva akageuza, wakaondoka kwa njia ya Emali.

Istahil alirudi bandani. Mwenye pampu alikuwa ameshafika na alitaka kujua kama itakuwa tayari kabla ya saa sita, kwa sababu vitunguu vyake vilikuwa vinakauka. Akamwambia itakuwa tayari, ampishe kidogo tu, na akainama kuutafuta uvujo.